Chanjo ya mbwa na paka: mwongozo wa mwaka wa kwanza na baada yake

Unapopewa mtoto wa mbwa au wa paka, kabla hujamchukua kwa mwenyewe, uliza mambo mawili: ana wiki ngapi, na mama yake alichanjwa lini. Majibu hayo ndiyo yatakayopanga kila kitu kitakachofuata. Wengi huuliza mbegu na rangi, wakampeleka mtoto kwa daktari wa mifugo mara moja, akachomwa sindano, wakarudi nyumbani wakiamini kazi imekwisha. Wiki chache baadaye mtoto anaharisha damu na kufa, na lawama zinaiangukia chanjo.

Mambo yako hivi. Mtoto anaponyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito, anapokea kinga ya mama yake. Kinga hiyo humlinda wiki za mwanzo kisha hupungua taratibu. Ikiwa bado ina nguvu mwilini siku ya sindano, huizima chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza chochote. Kwa mtoto mmoja huisha karibu na wiki ya 8, kwa ndugu yake wa tumbo moja ikafika wiki ya 12 au hata ya 16, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Kwa hiyo sindano hurudiwa mpaka tuwe na hakika kwamba mojawapo imempata mtoto akiwa tayari. Ukiniuliza ni sindano gani usikose hata ukikosa nyingine zote, nitakwambia ile ya mwisho, inayochomwa akiwa na wiki 16 au zaidi kidogo. Na hiyo ndiyo watu wengi huiacha, kwa sababu mtoto ameshakuwa mkubwa, anakula vizuri na anaonekana mzima.

Kwanza, minyoo

Watoto wa mbwa huzaliwa na minyoo. Minyoo mviringo hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto angali tumboni, na safura hupita kwenye maziwa. Dawa ianze wakiwa na wiki 2, irudiwe kila baada ya wiki 2 hadi wafike wiki 8, kisha kila mwezi mpaka miezi 6. Mama apewe dawa pamoja nao. Watoto wa paka waanze wiki ya 3. Baada ya hapo, mbwa au paka mkubwa anayezurura apewe mara 4 kwa mwaka.

Dawa hupimwa kwa uzito, kwa hiyo usikadirie kwa jicho. Panda kwenye mizani umembeba mbwa, kisha upande peke yako, utoe. Kwenye duka la dawa za mifugo uliza dawa ya mbwa yenye pirantel au fenbendazoli, na iwe na prazikwanteli ndani yake ili ipate na tegu. Ivermektini ya sindano ya ng'ombe iache hukohuko kwa ng'ombe. Kipimo kidogo tu kikizidi huweza kumuua mbwa mdogo, na mbwa wa jamii ya collie pamoja na machotara wao huathirika kwa kiasi ambacho mbwa wengine hukivumilia.

Usilichukulie hili kama jambo la mbwa peke yake. Mayai ya minyoo mviringo hukaa kwenye udongo ambamo watoto wetu huchezea, na wakiyameza viluwiluwi huweza kufika hadi kwenye jicho. Viluwiluwi vya safura ya mbwa hupenya ngozi ya mguu peku na kuchora mistari inayowasha. Okota kinyesi cha mbwa uani kila siku, uzike au utupe chooni.

Kwa wafugaji kuna jambo zito zaidi. Ng'ombe au mbuzi anapochinjwa, mapafu na maini yenye vivimbe vya maji hutupiwa mbwa. Vivimbe hivyo ni mwanzo wa tegu mdogo sana anayekomaa tumboni mwa mbwa. Mayai yake yakiingia kwa mtu kupitia mikono au maji, vivimbe vinaota kwenye ini au mapafu ya mtu huyo na kukua kwa miaka. Turkana imewahi kuhesabiwa miongoni mwa maeneo yenye wagonjwa wengi zaidi duniani, na Wamaasai wanaujua ugonjwa huo pia. Chemsha nyama za ndani kabla ya kumpa mbwa. Zenye vivimbe zichome au zizike kwenye shimo refu asiloweza kulifukua.

Sindano za mtoto wa mbwa

Ya kwanza akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha kila baada ya wiki 3 au 4, hadi apite wiki 16. Kwa hesabu ya kawaida ni sindano 3, wakati mwingine 4. Mwaka mmoja baadaye hurudiwa. Kwenye kadi utaona herufi: D ni distempa, H ni homa ya ini ya mbwa, P ni parvo, L ni leptospira, R ni kichaa cha mbwa.

Parvo ndiyo inayoua watoto wengi wa mbwa majumbani: kutapika, kuharisha damu yenye harufu kali, na mtoto anakauka maji ndani ya siku mbili au tatu. Kirusi chake huweza kukaa kwenye udongo mwaka mzima na zaidi. Kama mbwa amekufa kwa parvo kwenye uwanja wako, usilete mtoto mwingine asiyekamilisha chanjo. Sakafu na vyombo visuguliwe kwa sabuni kwanza mpaka uchafu utoke, kisha vimwagiwe jiki iliyochanganywa sehemu moja kwa sehemu ishirini za maji na viachwe dakika 10. Dawa nyingi za kunukia za kusafishia hazikiui kirusi hiki.

Distempa huanza kama mafua: tongotongo, makamasi, kikohozi, kisha kuharisha. Baadaye misuli hutetemeka na mbwa huanguka kifafa. Anayepona mara nyingi hubaki na kasoro ya neva. Mwaka 1994 ugonjwa huu uliingia kwa simba wa Serengeti na kuua karibu theluthi yao, simba wapatao 1,000, na chanzo kilikuwa mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Tangu hapo, kuchanja mbwa wa vijiji vile kumekuwa sehemu ya kuwalinda wanyamapori.

Leptospira huletwa na mkojo wa panya, na mbwa akiugua anaweza kumwambukiza mtu kwa mkojo wake. Ndiyo ile Homa ya Mgunda iliyotangazwa Lindi, wilayani Ruangwa, Julai 2022, watu 20 walipougua na 3 kufariki. Kama una ghala la mahindi, unaishi karibu na mashamba ya mpunga au mtaa wako hufurika wakati wa masika, hakikisha L imo kwenye kadi. Chanjo hii huhitaji sindano mbili za kuanzia na kurudiwa kila mwaka bila kuruka.

Mpaka sindano ya mwisho ikamilike, mtoto asitembezwe mitaani wala asipelekwe sokoni au jalalani. Abaki uani, azoee watu, na acheze na mbwa unaojua wamechanjwa. Ukimfikisha kliniki mbebe mkononi, usimweke sakafuni walipolala wagonjwa.

Kichaa cha mbwa

Hapa sitakuwa na maneno laini. Dalili zikishaonekana, kwa mtu au kwa mnyama, hakuna tiba. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo vya watu 59,000 kila mwaka, karibu vyote kwa kuumwa na mbwa, Afrika na Asia zikibeba mzigo mkubwa, na wengi wao ni watoto. Chanjo ya mbwa inauzuia kabisa ugonjwa huu. Ndiyo maana kila kifo cha namna hii kinauma zaidi.

Mbwa na paka wote wachanjwe wakifika miezi 3, warudiwe baada ya mwaka, kisha kila mwaka au kila miaka 3 kulingana na aina ya chanjo na sheria ya mahali ulipo. Kwetu mimi nashauri kila mwaka: kampeni nyingi na kanuni za halmashauri zimejengwa hivyo, na tarehe moja ya mwaka ni rahisi kuikumbuka. Kinga huchukua kama wiki 3 hadi 4 kujengeka.

Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na sehemu nyingi za Tanzania na Kenya huchanja bure au kwa bei ndogo karibu na tarehe hiyo. Siku ya kampeni peleka hata watoto wa wiki chache. Wachanjaji wengine huwarudisha kwa kuwa hawajafika miezi 3, lakini Shirika la Afya Duniani linataka wachanjwe pamoja na wengine, kwa sababu mbwa wetu huzaana haraka na kundi la watoto wasiochanjwa linatosha kuuendeleza ugonjwa. Cha muhimu ni kuwarudia baadaye. Lengo ni asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo, tena kila mwaka. Pemba wamelionyesha hili: walichanja kisiwa kizima kwa kurudia, ugonjwa ukakoma mwaka 2014, ukarudi 2016 ukitoka nje ya kisiwa, wakachanja tena na kuuzima kufikia 2018.

Mbwa mwenye kichaa hawi mkali siku zote. Wapo wanaojificha gizani, wanalegea taya, mate yanatoka, hawawezi kumeza. Mwenye mbwa hudhani mfupa umekwama kooni, anaingiza mkono mdomoni. Usifanye hivyo kamwe kwa mbwa usiyejua historia ya chanjo yake. Paka mwenye kichaa naye hushambulia ghafla, na mikwaruzo yenye mate ni hatari kama meno.

Mtu akiumwa, fanya hivi kwa mfuatano. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, ukiangalia saa, kwa sababu dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Paka iodini au spiriti. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala majani. Nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama jeraha ni dogo, upate sindano zote za ratiba. Jeraha kubwa, au la kichwani na shingoni, huhitaji pia dawa ya kinga ya haraka inayochomwa kwenye jeraha lenyewe. Mbwa akijulikana, afungwe na aangaliwe siku 10, wala asiuawe kwa hasira. Akifa au akiwa ameuawa, mwite afisa mifugo kabla hajazikwa, ili kichwa kipelekwe maabara. Usingoje siku hizo 10 ziishe ndipo uende hospitali. Sindano huanza mara moja na daktari ndiye ataamua kuzisimamisha mbwa akibaki mzima.

Na mbwa wako akiumwa na mbwa au nyegere unayemtilia shaka, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo, hata kama kadi yake iko sawa. Aliyechanjwa huongezewa sindano haraka. Asiyechanjwa ni habari ngumu ambayo daktari na afisa mifugo lazima waiamue.

Mambo ya kukagua kabla ya sindano

Una haki ya kuuliza. Chanjo hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Mchanjaji anayekuja nyumbani awe na koolboksi yenye barafu, na vichupa visigusane na barafu moja kwa moja, kwa sababu baadhi ya chanjo zikiganda zimeharibika kama vile zimechemka. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ngumu kidogo. Utafiti uliofanywa Tanzania ulionyesha kwamba aina mojawapo ilibaki na nguvu hata baada ya miezi kadhaa kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30. Usiitumie habari hiyo kwa parvo na distempa. Hizo zina virusi hai vilivyodhoofishwa, huja kama unga mkavu unaochanganywa na maji yake papo hapo, na baada ya kuchanganywa zitumike mara moja. Ukikuta bomba limeshajazwa tangu asubuhi, kataa.

Angalia tarehe ya mwisho kwenye kichupa. Mwombe mchanjaji abandike kile kikaratasi cha kichupa kwenye kadi, chenye jina na namba ya toleo, kisha asaini na kuandika tarehe ya kurudi. Kadi isiyo na hivyo haina msaada siku utakapoihitaji.

Mnyama awe mzima. Mwenye homa, anayeharisha au asiyekula asubiri, na jike lenye mimba lisipewe chanjo hai bila daktari kuamua. Baada ya sindano kaa hapo dakika 20 hadi 30. Uso ukivimba, akitapika au akaishiwa nguvu ghafla, daktari yuko karibu. Kulala sana siku moja au kuvimba kidogo palipochomwa ni kawaida.

Paka

Paka hupuuzwa kwa sababu anajitegemea. Anahitaji sindano zake mwenyewe: chanjo ya pamoja dhidi ya panlukopenia, ambayo ni parvo ya paka, na virusi viwili vya mafua ya paka. Huanza wiki 6 hadi 8, kila wiki 3 au 4, hadi wiki 16, na kichaa cha mbwa juu yake. Chanjo ya mbwa haimfai. Msafirishe kwenye tenga lenye mfuniko au boksi lenye matundu, umlaze juu ya kanga aliyoizoea. Paka aliyebebwa mikononi kwenye bodaboda atakimbia, na huenda usimwone tena.

Mambo mawili yanaua paka kwa mikono ya wenyewe wanaowapenda. La kwanza ni panadoli: kidonge kimoja cha paracetamol kinatosha kumuua. La pili ni dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini, au ya kuogeshea yenye amitrazi. Soma boksi, kama haijaandikwa paka, usimpake.

Mjamzito asibadilishe mchanga wa choo cha paka, amwachie mtu mwingine. Ubadilishwe kila siku, kwani vijidudu vya toksoplazma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili wa paka kabla ya kuweza kuambukiza.

Kupe na viroboto

Kwa mbwa wakubwa wa huku kwetu, kupe ndiye adui wa kila wiki. Huleta erlikia na babesia: homa, kukataa chakula, ufizi mweupe, damu puani, mkojo wa rangi ya chai. Ukiona hayo usisubiri kesho. Kagua kila jioni ndani ya masikio, katikati ya vidole na chini ya mkanda wa shingo. Mng'oe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu bila kumminya, mtumbukize kwenye spiriti. Angalia na funza kwenye nyayo.

Dawa za matone ya mgongoni, za kupulizia na vidonge vya kutafuna vyote vinafaa vikitolewa kwa uzito na kwa wakati. Dawa ya josho la ng'ombe iliyokadiriwa kwa kifuniko cha chupa imeua mbwa wengi. Kama unatumia amitrazi, pata kipimo cha mbwa kwa daktari, na mbwa asilambe mpaka akauke. Kisha shughulikia banda. Kupe wa mbwa hupanda ukutani na kutagia kwenye nyufa, na viroboto wengi wako kwenye matandiko kama mayai na viluwiluwi. Ziba nyufa, pulizia dawa, anika matandiko juani. Kiroboto hubeba pia tegu, hivyo mbwa mwenye viroboto apewe na dawa ya minyoo.

Mbwa akiumia, usimpe wala usimchome diklofenaki, hata kama iko kabatini. Hutoboa tumbo na kuharibu figo.

Kuhasi na kufunga kizazi

Fanya karibu na miezi 6. Paka jike hushika mimba akiwa na miezi 4 au 5 na kuzaa baada ya miezi 2 hivi, kwa hiyo ukichelewa utakuwa na familia nzima. Mbwa jike aliyefungwa kizazi hapati usaha wa kizazi, ugonjwa unaoua majike ya makamo, na dume lililohasiwa halizururi sana, basi hupungukiwa na majeraha na ule uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana.

Kadi ikipotea, na ukitaka kusafiri

Mbwa mkubwa asiye na kumbukumbu huanzishwa upya: sindano moja ya distempa na parvo kwa kawaida humtosha, leptospira mbili, kichaa cha mbwa moja na kurudiwa baada ya mwaka. Kuchanjwa tena hakumdhuru.

Wanaohamia Ulaya na mbwa au paka kutoka Tanzania au Kenya waanze mapema. Kwanza mnyama huwekewa chipu, kifaa kidogo chenye namba ya kumtambulisha, chini ya ngozi, kisha achanjwe kichaa cha mbwa. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi. Zikipita angalau siku 30 damu huchukuliwa kwenda maabara inayotambulika, kipimo cha kinga kifike 0.5 IU (vizio vya kimataifa) kwa mililita, halafu husubiriwa miezi 3 tangu siku ya kuchukua damu. Marekani nayo, tangu Agosti 1, 2024, haipokei mbwa aliye chini ya miezi 6 wala asiye na chipu, na ina masharti ya ziada kwa mbwa wanaotoka nchi zenye kichaa kingi, zetu zikiwemo. Jipe miezi 6 kabla ya tiketi, na muulize daktari wa mifugo wa serikali kuhusu cheti cha afya kabla hujalipa chochote kwa wakala.